Sauti Hukatwa, Jina Hudondoka

Mwaka 1944, jijini Cairo, kijana wa miaka 23 alijitanda nguo kichwani kama wafanyavyo wanawake, akabeba mashine nzito aliyoiazima redioni, akapenya mahali ambapo mwanamume hakutakiwa. Ndani kulikuwa na zaar, ngoma ya kuwatuliza pepo, na waimbaji walikuwa wanawake. Kijana huyo aliitwa Halim El-Dabh. Mashine yake haikuwa na kanda wala santuri. Ilinasa sauti kwenye waya mwembamba wa chuma uliokuwa ukihama kutoka gurudumu moja kwenda jingine.

Alichokinasa alirudi nacho studioni, na huko ndiko kazi yenyewe ilikoanza. Alizipitisha zile sauti kwenye chumba cha mwangwi chenye kuta za kusogezwa, akazirekodi upya, akaondoa uzito wa chini wa koo na kuacha ule mng'ao wa juu unaoning'inia mtu akishanyamaza. Maneno yakayeyuka. Ukikisikiliza leo kilichobaki utadhani ni upepo unaojaribu kukumbuka wimbo. Aliwasikilizisha watu kazi hiyo jijini humohumo, miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa kutoa vipande vyake vya kelele mwaka 1948, ambavyo kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya vilivihesabu kuwa ndio mwanzo wa muziki wa aina hii. Msomaji wa Pwani aliyewahi kusikia ngoma ya pepo usiku hahitaji kuelezwa zaar ni kitu gani. Unguja wapo hata pepo wa Kihabeshi, na jamaa zao ndio wanaopigiwa ngoma Sudan na Misri.

El-Dabh alifariki Marekani mwaka 2017 akiwa na miaka 96, na siku hizi jina lake linatajwa kwa heshima. Majina ya wanawake wale wa zaar sijayaona popote.

Nina sababu ya kuanza na wao. Usiku, nyumbani wakishalala, mimi hukaa mbele ya kompyuta nikatengeneza biti. Sina studio, nina hedifoni zilizofungwa gundi upande mmoja na kabrasha nililoliita "Sauti". Ndani yake mna vipande vya watu wakiimba, wakiita, wakicheka, wakinadi samaki. Faili zenyewe nilizipa majina ya haraka: "kwaya safi", "mzee anacheka", "mama wa mnadani", "bibi 2". Huyo "bibi 2" ndiye anayeninyima usingizi. Ni sauti ya mwanamke mtu mzima, sekunde 4 tu, yenye mkwaruzo kama wa mkeka mpya ukikunjuliwa. Niliikata, nikaipanga, ikawa uti wa mgongo wa wimbo ambao kila rafiki aliyeusikia ameniuliza utatoka lini. Hautoki. Sijui bibi huyo ni nani, sijui nilimtoa kwenye kanda ya nani, na hata "bibi 1" simkumbuki.

Kabla sijafika kwenye lawama, niseme kwanza kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani kukata sauti ni kubonyeza kitufe.

Chukua neno "nakupenda" kutoka kinywani mwa mwimbaji yeyote. Kwenye skrini litaonekana kama safu ya vilima: "na" kilima, kisha bonde dogo, "ku" kilima, bonde jingine, "pe" mlima, "nda" mteremko. Yale mabonde ni ukimya mfupi wa midomo au ulimi kufunga njia kabla ya kuachia "k" na "p". Mgeni wa kazi huyaona mabonde akadhani hayana kitu, akayafuta. Hapo "pe" inapoteza kishindo chake, kwa sababu sikio linaitambua "p" kwa ule ukimya uliotangulia mlipuko. Tena ukikata mahali popote pale wimbi likiwa juu, spika itatoa "tk!" kama kidole kinachogonga meza, maana umeikurupua ghafla kutoka ilipokuwa. Kwa hiyo unasogeza kisu hadi pale wimbi linapovuka mstari wa katikati, au unaififisha ncha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kazi hiyo hurudiwa mara 50 kwa kipande cha sekunde 10. Mgongo utajua.

Halafu kuna herufi zinazokubali kuvutwa na zinazokataa. "S", "sh" na "f" ni upepo tu. Ukizirefusha zinakuwa mvua juu ya bati. "T" na "k" haziwezi kurefushwa kabisa, zikishalipuka zimekwisha. Zinazovutika ni irabu. Hapa lugha yetu imempa prodyuza zawadi ambayo sijasikia watu wakiisemea: silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, kwa hiyo kila kipande cha Kiswahili huja na mkia wake wa kushikia. Prodyuza wa Berlin anayekata Kijerumani hukutana na neno lililofungwa kwa konsonanti tatu mlangoni na mbili uani. Wa kwetu ana na-ku-pe-nda, shanga nne zilizokwisha kutobolewa. Na kwa kuwa mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nguvu yote iko kwenye "pe". Wanaoanza hupenda kuchukua silabi ya mwisho, kisha wanashangaa kwa nini kiitikio kinasikika kama mtu aliyechoka. Mwimbaji alikuwa anashuka ngazi pale. Umemkata akiwa anashuka.

Panga sasa upya: pe-na-pe, ku-pe-na. Neno limekufa, lakini mtu bado yumo. Utajua ni mwanamke, utakisia umri wake, utajua kama alikuwa akitabasamu, kwa sababu tabasamu hubadilisha umbo la mdomo na umbo la mdomo hubadilisha sauti. Huu ndio uzito wa sauti ya binadamu kuliko kipande cha gitaa. Gitaa ukilikata linabaki gitaa tu. Sauti ukiikata inabaki mtu.

Na pumzi! Programu za leo zina kitufe cha kuzifuta pumzi zote kwa mpigo, na prodyuza mchanga hukibonyeza akijivunia usafi. Mimi huziacha, na wakati mwingine huhamisha pumzi ya mahali pengine kabisa nikaiweka kabla ya kipande, ili msikilizaji ahisi kifua kikijaa. Wimbo usio na pumzi hata moja unanifanya nami nishindwe kupumua.

Zamani, enzi za kanda, kasi na kimo cha sauti vilikuwa mapacha walioungana. Ukiizungusha kanda kwa kasi maradufu, wimbo unamalizika kwa nusu ya muda na sauti inapanda oktava nzima. Mwaka 1958 Mmarekani Ross Bagdasarian aliimba polepole mashine ikienda nusu kasi, kisha akairudisha kwenye kasi ya kawaida, akapata sauti za kindi waimbaji wa Krismasi ambao watoto wa Marekani wanawaiga hadi leo. Sauti ile huchekesha kwa sababu si kimo peke yake kilichopanda. Mwangwi wa koo na mdomo umepanda nacho, na sikio linaamini kwamba kichwa cha anayeimba kimesinyaa.

Kuwatenganisha mapacha hao kulihitaji wazo la mwanafizikia. Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, aliandika mwaka 1947 kwamba sauti inaweza kutazamwa kama chembechembe fupi sana. Fikiria mtama kwenye mkeka. Ukitaka sauti irefuke bila kushuka, unazitandaza chembe zikae mbalimbali, kisha kila pengo unalijaza kwa kuirudia chembe ya jirani. Ukitaka ifupike, unazisogeza na kuziondoa baadhi. Mashine za kukatia sauti za kampuni ya Akai za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilifanya hivyo kwa chembe kubwa na kwa haraka, kwa hiyo sauti iliyorefushwa ilitetema kama bati lililolegea misumari. Waliozitengeneza waliona ni kasoro. Vijana wa London waliokuwa wakipiga muziki wa jungle waliipenda kasoro hiyo kuliko kitu kingine chochote, na leo programu za mamilioni ya shilingi huuzwa zikiwa na kitufe cha kuirudisha.

Dar es Salaam ilishika njia nyingine. Singeli, muziki uliokulia Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, haikuhangaika kuwatenganisha mapacha. Madijei wa ngoma za uswahilini walichukua vipande vya taarab ya kisasa, pale kinanda kinapocheza peke yake, wakavizungusha bila kikomo na kuviharakisha mpaka vikapiga mapigo 200 kwa dakika, na baadaye hata 300, mwimbaji akirusha maneno juu yake. Kila kilichokuwa ndani ya kipande kilipanda: kinanda kikawa nyuki, na panapobaki chembe ya sauti ya mwimbaji wa taarab inakuwa kama mtoto anayeita kutoka ghorofani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na Ulaya ikaanza kuandika kuhusu vijana wale kana kwamba walishuka na mvua. Wazee wanaosema zile ni kelele wana haki ya masikio yao. Ninachojua ni kwamba taarab huvuta neno hadi likaribie kukatika, na singeli ndiyo iliyolikata. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba moja.

Hebu sasa turudi kwa wenye makoo.

Loleatta Holloway alikuwa mwimbaji wa Chicago aliyekulia kwenye nyimbo za kanisani, mwenye sauti ambayo maiki ilibidi isogezwe mbali nayo. Mwaka 1980 aliimba "Love Sensation", kazi ya Dan Hartman. Miaka tisa baadaye prodyuza watatu wa Italia, wakijiita Black Box, walichukua miito yake, wakaikata, wakaipanga juu ya piano na mdundo wa klabu, wakatoa "Ride on Time". Wimbo ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki sita mwaka 1989. Hata jina la wimbo ni sikio lililoteleza, kwani Holloway hakuwa ameimba hivyo. Kwenye video na jukwaani alisimama mwanamitindo mrembo akifumbua na kufumba mdomo. Holloway aliiona sauti yake ikitoka kwenye mwili wa mtu mwingine, ikabidi atafute wakili ndipo alipwe. Nikiusikiliza kama fundi navua kofia: kila kipande kimekatwa pale anapoanza kupasuka, hakuna hata kimoja chenye uvivu. Ndiyo maana uchungu wake ni mkubwa. Walijua kabisa wana dhahabu ya nani mkononi.

Lakini Holloway alikuwa na santuri, alikuwa na jina, alikuwa na mji wenye mawakili. Afunakwa hakuwa na hayo.

Afunakwa alikuwa mwanamke wa jamii ya Wabaegu, kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, huko Pasifiki. Karibu na mwaka 1970 mtafiti wa muziki Hugo Zemp alimrekodi akiimba "Rorogwela", wimbo wa kumbembeleza mtoto, ambao ndani yake yatima anatulizwa na nduguye. Rekodi hiyo ikatoka kwenye santuri ya mkusanyo wa UNESCO mwaka 1973. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, waliojiita Deep Forest, waliichukua sauti hiyo, wakaizungushia vinanda na ngoma za mashine, wakaiita "Sweet Lullaby". Ikauzwa dunia nzima, ikasindikiza matangazo ya biashara. Zemp alilalamika kwa maandishi kwamba hakuwa ameiridhia. Wasikilizaji waliambiwa habari za msitu, albamu yenyewe ikiwa na sauti za watu wa misitu ya Afrika ya Kati, na kila mtu akaamini kwamba mama huyu ni Mbilikimo wa Afrika.

Sikiliza kilichofuata. Mwaka 1996 mpiga saksafoni wa Norway, Jan Garbarek, ambaye si mtu wa kubahatisha, aliurekodi wimbo huo kwa saksafoni yake na kuuandika kwenye albamu kuwa "Pygmy Lullaby". Wimbo wa Malaita ukawa mali ya Afrika kwa jina, kati yake na kwao kukiwa na Bahari ya Hindi nzima na kipande cha Pasifiki. Hakuna aliyepanga uongo huo. Jina lilidondoka pale sauti ilipokatwa, na shimo likabaki, na shimo la jina halikai wazi. Kila apitaye hutupia chake.

Aliyelirudisha jina mbele ya macho ya umma hakuwa mwanamuziki. Ni Matt Harding, Mmarekani aliyepata umaarufu mwaka 2006 kwa video ya yeye akicheza vibaya katika nchi nyingi, ikisindikizwa na "Sweet Lullaby". Alipojua sauti ile ni ya nani alifunga safari hadi Malaita kumtafuta. Alikuta Afunakwa alikwisha kufariki miaka mingi nyuma.

Linganisha na mwimbaji wa Marekani Suzanne Vega. Mwaka 1987 alitoa "Tom's Diner", wimbo wa sauti tupu bila hata ngoma moja, kana kwamba anawaomba watu wa kukata. Mwaka 1990 vijana wawili wa Uingereza waliojiita DNA waliuwekea mdundo, wakatoa santuri kimya kimya bila ruhusa. Kampuni ya Vega ingeweza kuwapeleka mahakamani. Badala yake ilinunua kazi yao, ikaitoa rasmi, jina la Vega likiwa palepale juu ya bahasha. Wimbo huo ukamletea wasikilizaji ambao hakuwahi kuwaota. Kuna kichekesho kimoja: Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wahandisi wa Kijerumani waliotengeneza mfumo wa mp3, aliutumia wimbo huohuo kupima kama mfumo wake unaharibu sauti ya mtu, na mwanzoni uliiharibu vibaya. Kwa hiyo kila mp3 iliyomo kwenye simu yako imepita, kwa namna fulani, kwenye koo la Vega. Yote hayo tunayajua kwa sababu jina lake halikudondoka.

Mwanamuziki Moby, kwenye albamu yake "Play" ya mwaka 1999, aliwatumia waimbaji weusi wa Kusini mwa Marekani waliorekodiwa na watafiti wa familia ya Lomax. Sauti inayoubeba "Natural Blues" ni ya Vera Hall wa Alabama. Moby aliwataja akina Lomax na wasanii wao kwenye maelezo ya albamu, kwa hiyo hakuficha, na albamu ikauza nakala zaidi ya milioni 10. Vera Hall alifariki mwaka 1964. Nimewauliza marafiki saba wanaoujua wimbo huo kwa moyo kama wamewahi kulisikia jina lake. Hakuna.

Nikiri kwamba kuna mkataji mmoja anayeitikisa hoja yangu. Mwingereza Burial, kwenye albamu "Untrue" ya mwaka 2007, alichukua vipande vya nyimbo za mapenzi za redioni akavishusha na kuvipandisha hadi mwanamume akawa kama mwanamke na mwanamke akawa kivuli cha mwanamume. Alifanya hivyo kwa programu ya kuhariri sauti tu, bila hata gridi ya kumsaidia kupanga mapigo, kwa macho na sikio, na ndiyo sababu mdundo wake una kilema kitamu kama cha mtu anayetembea na kiatu kimoja. Ukiisikiliza usiku wa manane hujali ni koo la nani. Unasikia jiji zima likiomba radhi. Je, pale jina lina kazi gani? Kwa muda mrefu nimekosa jibu. Kisha nikakumbuka kwamba Burial mwenyewe aliificha sura na jina lake hadi mwaka 2008, alipojitaja kuwa ni William Bevan. Kujificha alijificha kwa hiari yake. Waimbaji wa zaar walifichwa.

Katika kazi hii hata mashine hufichwa. Auto-Tune, ambayo bila hiyo nusu ya Bongo Fleva ingelala njaa, ilitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi. Mwimbaji wa Marekani Cher alipotoa "Believe" mwaka 1998 na sauti yake ikaruka kutoka noti hadi noti kama ngazi za chuma, maprodyuza wake walipoulizwa na jarida la ufundi walitaja kifaa kingine kabisa. Hawakutaka wenzao wajue. Leo kila studio ya Sinza ina Auto-Tune.

Mambo yamebadilika tena, na hapa ndipo haraka yangu ilipo. Zamani ili ukate sauti ulihitaji akapela, ile rekodi ya sauti tupu, au ubahatishe mahali ambapo vyombo vimenyamaza. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa iliachia bure programu iitwayo Spleeter, inayoupasua wimbo wowote: sauti huku, ngoma kule, besi pale. Zimefuata bora zaidi. Nimejaribu mwenyewe na kanda chakavu; dakika moja tu na mwimbaji akasimama peke yake, na uchakavu wake, kana kwamba bendi imetoka nje kuvuta sigara. Kila aliyewahi kurekodiwa tangu santuri zianze sasa yuko chini ya kisu cha mtu yeyote mwenye kompyuta ya mkononi.

Miongoni mwao yumo Siti binti Saad, mfinyanzi na muuza vyungu wa Fumba, Unguja, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiswahili kusikika hivyo mwambao mzima. Ndani ya santuri zile udi na fidla vimemkumbatia. Leo mtu anaweza kumng'oa humo. Siti ana bahati moja ambayo Afunakwa hakuwa nayo: Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Ukimkata Siti, jina lake lina kitabu cha kulishikilia. Ni wangapi waliorekodiwa baada yake, Lamu, Tanga, Bagamoyo, ambao jina lao lilikuwa kwenye karatasi ya santuri tu, na karatasi imekwisha kubanduka?

Sheria haikulala, ingawa hutembea polepole. Mwaka 1991 jaji wa New York, akimhukumu rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, alianza hukumu yake kwa amri ya Mungu inayokataza wizi, na tangu siku hiyo studio za Marekani zikaajiri watu wa kutafuta ruhusa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, inamtambua mwimbaji, inamtambua mwenye rekodi, kila mmoja kwa haki yake, na ina sehemu inayozilinda sanaa za jadi ambazo hazina mtunzi mmoja. Maana yake ni kwamba sekunde 3 za sauti zinaweza kuwa na milango mitatu ya kubishiwa hodi. Prodyuza wa chumbani huona milango hiyo akakata tamaa, akatoa wimbo usiku, akatumaini hakuna atakayesikia. Simlaumu sana kwa kuogopa makaratasi. Namlaumu kwa kutoandika jina, maana kuandika jina hakuhitaji wakili wala ada.

Kabrasha langu nimelipanga upya mwezi huu. "Mama wa mnadani" nilimrudia sokoni, akacheka, akanipa jina lake na sharti la kumletea nakala. "Mzee anacheka" ni jirani, alikuwa hajui kama anacheka hivyo. Kwaya niliipata kupitia kanisa lao. "Bibi 2" bado ni bibi 2, na wimbo wake utakaa humo ndani mpaka nimjue.

Wewe unayekata sauti leo usiku, kabla hujagusa kisu badili kwanza jina la faili. Andika nani anaimba, wapi, mwaka gani, na kanda ulipewa na nani. Kisha kata utakavyo.